Kuku Tembe na Banda Lake: Jinsi ya Kumzoeza Kulala Ndani Usiku

Wazee wetu walisema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Watu wengi huitumia methali hii kwa habari za wanadamu, wakasahau kwamba asili yake ni jambo la kweli la nyumbani. Mtu aliyenunua kuku sokoni, au aliyeletewa zawadi na shemeji yake, hakumwachilia uani mara moja. Alimfunga kamba mguuni kwa siku kadhaa, karibu na mahali alipotaka awe analala, mpaka kuku akapajua kuwa ndipo kwao. Kisha alimfungua, na jioni kuku alirudi mwenyewe bila kukimbizwa na mtu.

Somo letu la leo limo ndani ya methali hiyo. Ni habari ya kuku tembe, yaani kuku wa kike aliyekwisha kutoka katika ufaranga lakini hajaanza kutaga. Wafugaji wengi hulalamika kwamba matembe wao hawataki kulala bandani. Jioni hupanda juu ya mwembe au mparachichi, au juu ya paa la jiko, au hujikusanya katika pembe ya ua na kulala chini. Hapo mwenye kuku hutoka na fimbo, watoto hutoka na mawe, na mbwa naye hubweka asiache. Kuku hukimbizwa huku na huku mpaka giza linaingia, na mwishowe watu hurudi ndani wakisema, "Waacheni, watajijua." Asubuhi manyoya yanaonekana chini ya mti.

HASARA YA USIKU MMOJA

Kwanza natupime hasara yenyewe. Tuchukue mfano wa mama aliyenunua vifaranga 20. Amewalisha kwa muda wa miezi 5, amewakinga na mwewe na nguchiro, na wengine wamekufa wangali wadogo. Majogoo amekwisha kuwauza. Sasa amebakiwa na matembe 8, ambao baada ya muda mfupi wataanza kutaga. Mpaka siku hii kuku hao wamekula tu; faida yao bado iko mbele. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kabla ya kuatamia, naye hufanya hivyo karibu mara 3 kwa mwaka. Basi tembe mmoja akichukuliwa na kanu usiku wa leo, mama huyo hakupoteza kitoweo cha siku moja. Amepoteza chakula cha miezi 5, na mayai ya mwaka mzima, na vifaranga ambao wangalitoka katika mayai hayo.

Tena wanyama walao kuku hawaji mara moja wakatosheka. Kanu, fungo, kicheche na paka-mwitu wakiisha kujua mti wanaolala kuku, hurudi usiku wa pili na wa tatu. Bundi wakubwa nao huweza kumchukua kuku aliyelala juu ya tawi. Mahali pengine adui ni mwizi wa miguu miwili, ambaye humwona kuku wa mtini kuwa ni rahisi kuliko tunda. Kwa hiyo ni kweli kusema kwamba kuku asiyelala nyumbani si mali yako bado. Ni mali ya kanu iliyowekwa kwako kwa muda tu.

KUKU HUFIKIRI NINI JIONI?

Mtu akitaka kumfundisha mnyama yampasa ajue kwanza tabia yake. Kuku wetu wote asili yao ni kuku wa porini wa misitu ya Asia ya kusini na mashariki. Ndege hao hula chini mchana, na jua likichwa hupanda mitini ili wajiepushe na wanyama watambaao usiku. Tabia hiyo haikutoka katika damu ya kuku wetu hata leo. Kwa hiyo tembe anayepanda mwembe si mkaidi wala hana pepo. Anatafuta usalama kwa namna walivyofanya wazazi wake wa kale.

Jambo la pili ni macho. Kuku huona vizuri sana mchana, lakini katika giza huona vibaya. Ndiyo maana huanza kutafuta pa kulala mapema, kungali na mwanga. Giza likimkuta hajachagua mahali, hukaa hapo hapo alipo, na hawezi tena kuruka kwa uhakika. Tabia hii ndiyo inayompa mwenye kuku nafasi yake. Kuku aliyelala usiku ni kuku mpole, anayeshikika kwa mkono bila mbio wala kelele.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni mazoea. Kuku hulala leo pale alipolala jana. Haji bandani kwa sababu anamtii mwenyewe, wala hakatai kwa sababu anamdharau. Huja kwa sababu hapo ndipo alipoamka salama asubuhi. Akilala mtini siku 3 na kuamka salama, mti umekuwa kwao. Akilala bandani siku 7 na kuamka salama, banda limekuwa kwao. Kazi yetu yote ni kuzihesabu siku hizo vizuri.

KUKU ASIYE NA MAMA

Wengine watauliza, "Mbona kuku wa bibi yetu hawakufundishwa na mtu, nao waliingia jikoni kila jioni?" Swali hili ni zuri. Kuku wale walikuwa na mwalimu, naye ni mama yao. Koo aliyeangua vifaranga hulala nao chini siku za kwanza akiwafunika kwa mbawa zake. Wakifika majuma 6 hadi 8, huanza kupanda juu jioni, naye huwaita mpaka nao wamepanda. Basi walijifunza kwa kumfuata.

Lakini siku hizi wafugaji wengi hununua vifaranga walioanguliwa kwa mashine, kama wale wa kienyeji walioboreshwa waliotokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Naivasha. Vifaranga hao hulelewa katika chumba chenye taa au jiko la kutia joto, nao hulala sakafuni wamesongamana. Hawakumwona koo akipanda. Wakihamishwa na kutiwa katika banda jipya lenye miti ya kulalia, wao huitazama miti ile kama vile mtu atazamavyo ngazi asiyojua inakwenda wapi. Wengine hulala chini mlangoni; wengine hulala ndani ya viota vya kutagia na kuvichafua; wengine hutoka nje kabisa.

Mwaka 2000 wataalamu wa Sweden walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya kwa vifaranga 30. Kundi moja liliwekewa miti ya kulalia tangu mwanzo, na kundi la pili halikuwekewa mpaka majuma 8. Walipofika majuma 15, kuku wote walikuwa wakilala mitini. Lakini walipojaribiwa kwa chakula kilichowekwa juu, wale waliochelewa kupewa miti waliona taabu zaidi kukifikia kadiri kilivyozidi kupandishwa. Jaribio hili latufundisha mambo mawili. La kwanza, yafaa kuanza mapema. La pili, aliyechelewa asikate tamaa, kwani hata tembe mkubwa huweza kujifunza akipewa muda.

LIKAGUE BANDA KABLA YA KUMLAUMU KUKU

Mara nyingi tembe anayekataa banda ana sababu ya haki. Basi kabla ya kuanza mafunzo, mwenye kuku na aingie mwenyewe bandani, apige magoti, atazame na kunusa.

Hewa. Ukisikia harufu kali inayochoma pua na kutoa machozi, ujue kwamba kuku naye anaisikia, tena yeye yu karibu zaidi na kinyesi. Ondoa takataka zote, tandika maranda ya mbao au majani makavu, na uache nafasi ya wavu juu ya ukuta, chini ya paa, ili hewa chafu itoke. Upepo usiwapige kuku wanapolala, bali upite juu ya vichwa vyao. Kama paa ni la mabati na jua la alasiri hulipiga, banda litakuwa kama tanuri saa ya kuingia. Tandaza majani au makuti juu ya mabati hayo, au panda mti wa kivuli upande wa magharibi.

Utitiri. Hawa ni wadudu wadogo sana ambao mchana hujificha katika nyufa za mbao na chini ya maganda ya miti, na usiku hutoka kunyonya damu ya kuku. Kuku aliyeumwa nao usiku kucha hatataka kurudi tena, nawe ungekuwa yeye usingerudi. Wajaribu hivi: usiku chukua kitambaa cheupe, ukipanguse chini ya mti wanaolalia kuku. Kikitoka na alama nyekundu za damu, utitiri wamo. Angalia pia kupe wa kuku walio bapa, ambao nao hujificha mchana. Toa miti yote nje, ibambue maganda, imwagie maji yanayochemka, na uianike juani. Ziba nyufa kwa udongo, paka kuta chokaa, na uombe dawa kwa afisa wa mifugo wa mahali pako. Usitumie dawa ya mimea ya shamba kwa kubahatisha. Baada ya juma moja rudia kazi hiyo, maana mayai ya wadudu yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa.

Miti ya kulalia. Mti uwe mnene kama mpini wa jembe au kuzidi kidogo, yaani sentimeta 4 hadi 5, uliolainishwa pembe zake ili usimwumize nyayo. Ufungwe imara usizunguke wala usitikisike, kwa kuwa kuku huogopa mti unaocheza. Bomba la chuma halifai. Huteleza, tena ni baridi. Kila kuku apate nafasi ya shibiri moja, karibu sentimeta 20. Basi mti wa meta 2 watosha kuku 10. Kati ya mti na mti, na kati ya mti na ukuta, acha sentimeta 30 au zaidi.

Kwa matembe wanaoanza, weka mti wa kwanza chini, sentimeta 20 hadi 30 kutoka sakafuni, na baada ya majuma 2 au 3 uupandishe mpaka sentimeta 50 au 60. Kuku wazito wasiwekewe miti ya juu sana, maana wakiruka asubuhi huumiza nyayo na vidonda vyake havipoi upesi. Tena kumbuka kanuni hii: viota vya kutagia viwe chini kuliko miti ya kulalia. Kuku hupenda kulala mahali palipo juu kuliko pote. Kama kiota ndicho kilicho juu, atalala kiotani.

Mlango. Uwe na komeo ambalo mnyama hawezi kulisukuma. Banda la kuinuliwa kwa miguu ya miti lafaa sana mahali penye siafu na panya. Zungushia kila mguu bati lililo laini, na uweke majivu chini. Lakini banda lililoinuliwa lataka ngazi pana yenye vipande vya mti vilivyopigiliwa, kwa kuwa tembe asiyezoea hawezi kupanda ubao unaoteleza.

MAFUNZO YA SIKU SABA

Banda likiisha kuwa safi na salama, anza mafunzo. Chagua juma ambalo hutasafiri. Hapa kwetu Kenya tuna bahati ya kuwa karibu na mstari wa ikweta; jua huchwa kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, wala saa ya kuku haibadiliki sana. Mtu wa nyumbani aliyepewa kazi hii, hata akiwa mtoto wa shule, aweza kuishika saa moja na kuifuata kila siku.

Siku ya kwanza mpaka ya saba. Watie matembe bandani jioni na usiwatoe nje kwa juma zima. Hii ndiyo kamba ya mguuni ya siku hizi. Wape ndani chakula cha kutosha, maji safi asubuhi na jioni, na majani mabichi yaliyofungwa kwa kamba juu ili wapate kazi ya kudonoa. Kama banda ni dogo mno kwa kushinda ndani, zungushia uzio wa wavu mbele ya mlango wawe wanatoka humo tu. Kabla ya kuwapa chakula, piga sauti moja ile ile kila mara: waweza kugonga debe, au kutikisa mahindi katika kopo, au kuwaita kwa mdomo. Usibadilishe. Baada ya siku chache wakisikia sauti ile watakuja mbio.

Kila usiku giza likiisha kuingia, nenda bandani polepole na kurunzi yenye mwanga hafifu. Ukiifunika kwa kitambaa chekundu ni vizuri zaidi, maana mwanga huo hauwashtui kuku. Kila tembe aliyelala chini au kiotani mwinue kwa mikono miwili, ukizibana mbawa zake taratibu, umweke juu ya mti. Ngoja mpaka vidole vyake vimeshika, ndipo umwachie. Usiseme kwa sauti kubwa. Usiku wa kwanza labda utawainua wote. Usiku wa tatu nusu yao. Na wa saba mmoja au wawili. Wakiisha kupanda baadhi yao, wengine huwafuata kwa kuwa kuku hapendi kulala peke yake.

Siku ya nane. Sasa wafungulie, lakini si asubuhi. Wafungulie jioni, saa moja kabla ya jua kuchwa, tena kabla hawajala. Hawatakwenda mbali. Mwanga ukianza kupungua, piga sauti yako na umwage nafaka kidogo ndani ya banda, si nje. Watakaoingia wataingia kwa njaa na kwa mazoea, nawe funga mlango nyuma yao. Siku ya tisa wafungulie mapema zaidi kidogo, na ya kumi zaidi. Baada ya juma la pili waweza kuwaachilia tangu asubuhi.

Jambo moja linawashangaza wengi. Matembe huja mpaka mlangoni, hutazama ndani, kisha hurudi nyuma. Sababu ni giza. Nje kungali na mwanga, na ndani ya banda kumekwisha kuwa kweusi, basi kuku huona mlango kama shimo. Tundika ndani taa ndogo ya nguvu za jua au kurunzi kwa nusu saa, ili ndani kuwe na mwanga kuliko nje. Wakiisha kupanda wote, izime. Usiizime wangali chini, maana hawataiona miti tena. Taa ya mafuta ya taa isitundikwe kamwe ndani ya banda lenye majani makavu. Mabanda mengi yameteketea hivyo pamoja na kuku wake.

WALIOKWISHA KUZOEA MTI

Kwa matembe ambao tayari wamefanya mwembe kuwa kwao, usirushe mawe. Kila jiwe linalorushwa lamfundisha kuku kwamba jioni ni saa ya hatari, na kwamba tawi la juu zaidi ndilo lililo salama. Ngoja giza liingie. Kisha mtu mmoja amulike kwa kurunzi, na mwingine apande ngazi awachukue mmoja mmoja kama matunda, kwa miguu na kifua, asiwavute mkia. Wapeleke moja kwa moja juu ya miti ya bandani, na siku saba za kufungiwa zianze upya. Wakati huo huo kata matawi ya chini ya mti ule, na uondoe kila kitu wanachotumia kama ngazi, kama rundo la kuni au mkokoteni.

Akibaki mmoja asiyesikia, waweza kukata ncha za manyoya marefu ya bawa moja tu, ili asiweze kuruka sawasawa. Usikate unyoya mchanga wenye damu ndani yake. Na kuku wa namna hiyo apewe mti wa chini bandani, kwa sababu umempunguzia nguvu za kupanda.

MATEMBE NA KUKU WAKUBWA

Sababu nyingine ya matembe kulala nje ni ubaya wa wenyeji. Kuku wana cheo baina yao. Aliye mkubwa huchagua mahali, na mdogo akikaribia hudonolewa kichwani. Matembe wakitiwa ghafula katika banda la koo wa zamani, watafukuzwa mitini usiku wa kwanza, na usiku wa pili hawataonekana.

Dawa ni kuwatenga kwanza kwa wavu, wawe wanaonana bila kugusana kwa muda wa juma moja au mawili. Kisha waunganishe usiku, wakati wote wamelala, na asubuhi yake umwage chakula mahali pengi ili wasigombane. Ongeza miti kabla ya kuongeza kuku. Tena miti yote iwe ya urefu mmoja kutoka chini ikiwezekana, maana mti mmoja ukiwa juu kuliko mingine, kila jioni patakuwa na vita ya kuugombea.

FAIDA YA KUKU ANAYERUDI

Msomaji aliyefuata mpaka hapa labda atasema kwamba kazi ni nyingi kwa ajili ya ndege mdogo. Lakini ulinzi na wanyama ni faida ya kwanza tu. Iko ya pili iliyo kubwa zaidi, nayo ni chanjo.

Ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, ndio unaofagia kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Hauna dawa ya kuuponya. Dawa yake ni kuchanja kabla haujafika. Siku hizi iko chanjo inayotiwa jichoni, tone moja kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4 kama atakavyoagiza afisa wa mifugo. Kwa kawaida chupa moja hutosha kuku wengi, na ikiisha kuchanganywa haifai kuwekwa kwa siku nyingine, kwa hiyo majirani huungana kuinunua na kuitumia pamoja. Sasa fikiri: mchanjaji amekuja saa 12 asubuhi na chupa yake. Mwenye kuku waliolala bandani hufungua mlango kidogo na kuwatoa mmoja mmoja, na kazi huisha kabla ya chai. Mwenye kuku wa mwembeni hukimbiza kuku mpaka saa 4, huwapata watano, na wengine watatu hubaki bila chanjo. Kideri kikija, hao watatu watakufa, na kabla ya kufa watawasumbua wa jirani ambao kinga yao imekwisha kupungua. Basi banda ni haki ya jirani pia.

Faida ya tatu ni hesabu. Kila usiku unapofunga mlango, hesabu. Aliyepungua utamtafuta usiku ule ule, si baada ya juma. Na aliyejikunyata, aliyevimba jicho au anayekoroma utamwona na kumtenga kabla hajawaambukiza wengine.

Faida ya nne ni mayai. Tembe anayelala nje hutaga nje, katika majani, na mayai yake huliwa na kenge na nyoka. Yule aliyezoea banda hutaga humo. Ukiona kishungi na uso wake vimekuwa vyekundu, na anachuchumaa ukimkaribia, ujue siku zimekaribia. Fungua viota, tia majani makavu, na kwa majuma machache uwafungulie karibu saa 4 asubuhi, kwa sababu mayai mengi hutagwa asubuhi. Wape maji na chakula ndani wakati huo.

Faida ya tano ni mbolea. Sehemu kubwa ya kinyesi huanguka usiku chini ya miti ya kulalia. Kikikusanywa kikavu, kikaozeshwa pamoja na majani, hulisha sukuma wiki na migomba ya nyumbani.

Na lisemwe neno moja kwa wale wanaolaza kuku jikoni au chumbani kama zamani. Desturi ile ilikuwa na maana yake, kwa kuwa mlango wa mtu ulikuwa ndio mlango imara peke yake. Lakini vumbi la manyoya na kinyesi cha kuku si vitu vya kupumua usiku kucha, hasa kwa watoto wachanga, na magonjwa mengine ya kuku huweza kumpata mtu. Mjengee kuku nyumba yake, hata ikiwa ya fito na udongo, nawe ulale katika yako. Kila utokapo bandani, nawa mikono kwa sabuni.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kagua banda kwanza: hewa, utitiri, miti na mlango.

2. Wafungie matembe siku 7, ndipo uwafungulie jioni, kidogo kidogo.

3. Tumia sauti moja na saa moja, na chakula cha jioni kiwe ndani.

4. Anayelala chini mpandishe usiku kwa mikono, bila kelele.

5. Ndani kuwe na mwanga kuliko nje mpaka wote wamepanda, kisha zima taa.

6. Usimrushie jiwe wala kumkimbiza kuku jioni.

7. Hesabu kila usiku kabla ya kufunga komeo.

Msomaji, jaribu leo jioni. Jua likianza kushuka, acha fimbo ukutani, chukua kopo lenye mahindi machache, ukasimame mlangoni pa banda. Huenda usiku huu ukapandisha wote kwa mikono yako, na kesho pia. Lakini itafika jioni moja ambapo utachelewa sokoni, utarudi giza limeingia, nawe utakwenda bandani na kurunzi ukiwa na wasiwasi. Utawakuta wote wamejipanga juu ya mti wao, bega kwa bega, bila mtu aliyewaita. Hapo utajua kwamba kamba imekwisha kufunguliwa mguuni, na kuku si mgeni tena.